Mchoraji Aliyejua Uso Mmoja

Watu wa Segese walimwita Mchoraji, watu wa Maganzo walimwita Fundi Rangi, na kwetu huku, kijiji cha ndani ukishapita Samuye, alikuwa Fundi tu. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, ila sitaliandika. Nimeshamkosea vya kutosha.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nililisoma nusu kwa sababu ya ng'ombe. Kwa hiyo nikiruka mbele nikarudi nyuma mnivumilie. Nataka kumweleza huyu mtu jinsi nilivyomwona, na siwezi kumweleza yeye nikamwacha Mama Kulwa, mwanamke aliyemchora maisha yake yote, ambaye mpaka mwaka huu alikuwa hawezi kukanyaga kijijini kwake. Na siwezi kumweleza Mama Kulwa nikajiacha mimi. Hapo ndipo kalamu inakuwa nzito.

Nianze na shati. Fundi alichora akiwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na sikuwahi kuona tone la rangi juu yake. Chumba alichopanga kilikuwa kama banda la mbuzi, makopo huku, sufuria yenye ukoko kule, lakini shati lilikuwa jeupe kama la mtu anayekwenda kubatizwa. Siku moja nikamwambia, "Fundi, wenzako wanavaa ovaroli, wewe unakwenda harusini?"

Akasema, "Mzee wa Mashine, rangi ikinirukia, ujue mkono umelewa kabla yangu. Shati ndilo linaniambia shuka kwenye ngazi."

Kwa sababu alikuwa anakunywa, hilo nisilifiche. Alikunywa gongo, akanywa pombe ya mtama, akanywa chochote kilichomo kwenye chupa isiyo ya mafuta ya taa. Lakini alikunywa akiwa chini. Juu ya ngazi alikuwa mtu mwingine. Rangi alikuwa anaijaribu kwanza kwenye ukucha wa kidole gumba, anaupeleka juani, anautazama kama mwanamke anayetazama pete. Na uso aliuanzia sikioni. Wengine huanza na macho, wengine pua. Yeye sikio. Alisema mtu anaweza kukukunjia uso ukamkosea, lakini hakuna anayeweza kukunja sikio.

Alikuja kwangu mara ya kwanza kuandika maneno matatu tu: MASHINE YA KUSAGA. Wakati ule nilikuwa na mashine ya dizeli, ya kwanza kijijini, na nilikuwa najiona mtu mkubwa. Yuko juu ya ngazi, amefika kwenye neno la pili, akaja Mama Kulwa na beseni la mtama, pacha mmoja mgongoni na mwingine ameshika upindo wa kanga. Nikampimia. Akaniambia mbele za watu, "Baba Masanja, mkono wako mzito wakati wa kuchukua, mwepesi wakati wa kurudisha."

Watu wakacheka. Fundi akageuka kuona ni nani huyo, na brashi ikamponyoka.

Hakuwa mzuri wa kugeuza shingo za watu barabarani, Mama Kulwa. Mashavu yamechomoza, mwanya mpana, unga umemkaa kwenye nyusi. Lakini Fundi akashuka akamsalimia kwa adabu, akamwomba akae kwenye kiti nusu saa amchore.

"Nikae?" akasema. "Nina mapacha, nina mume, nina shamba la watu. Ukitaka kunichora, nichore nikipepeta."

Akachukua ungo akaanza kupepeta. Na Fundi akamchora hivyo hivyo, akipepeta, kwenye ukuta wangu, pembeni ya maneno ambayo aliyamalizia siku ya pili. Mama Kulwa alivyouona ule ukuta alijitwisha beseni akaenda zake. Ila siku ya gulio alisimama pale mashineni kutwa nzima akisingizia anasubiri unga wake, na unga wake nilikuwa nimeshamsagia tangu asubuhi.

Sasa hapo ndipo matatizo ya Fundi yalianza, au niseme ndipo yalipopata uso. Tangu siku ile hakuweza kuchora mtu mwingine. Nasema kweli. Saluni ya Kahama ilitaka binti wa kisasa mwenye nywele ndefu, ikampata Mama Kulwa mwenye nywele ndefu. Duka la dawa za mifugo lilitaka mfugaji mwenye afya, likampata Mama Kulwa na fimbo. Kuna mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Segese, mtu wa tumbo na sharubu nene, alitaka yeye mwenyewe achorwe ofisini kwake ukuta mzima. Fundi alikaa wiki nzima. Siku ya kufunua, wachimbaji wamejaa mlangoni, mmoja akanyanyua kiganja akafunika zile sharubu pale ukutani, akapiga yowe: "Jamani, mbona ni yule mama wa kwenye baa!"

Fundi alipigwa siku hiyo. Alikuja kwangu mdomo umevimba. Nikamuuliza, "Hukuona kwamba unamchora yeye?"

"Naona mwishoni," akasema. "Wakati nachora naona ni yule ninayetakiwa kumchora. Nikishuka nikirudi nyuma hatua nne, ni mayu."

Alimwita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma. Sijasikia amemwita vingine. Na kama mnadhani kulikuwa na jambo kati yao, mimi nilikuwa pale na watu wote walikuwa pale, hakukuwa na jambo. Ingekuwa afadhali. Jambo lina mwanzo na mwisho, linasuluhishwa, mtu analipa ng'ombe. Huyu alimchukulia mtu uso, na hakuna baraza linaloijua kesi hiyo.

Mke wa Fundi naye alisema hivyo hivyo. Alioa, ndiyo, dada mmoja mpole aliyeuza mitumba. Walikaa misimu miwili ya mvua. Alipoondoka alinipitia, akaniambia, "Baba, angekuwa na hawara ningempiga. Sasa nikapige ukuta?"

Nimesema mama wa kwenye baa, sijaeleza. Baa moja ya Segese, barabarani pale wanaposhukia wachimbaji, ilimpa Fundi ukuta wa mbele achore mwanamke ameshika bia. Akamchora Mama Kulwa. Habari zikafika kwetu kupitia vijana waliokwenda kwenye rashi, mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Wakamtania mume wake: "Baba Kulwa, mkeo tumemwona Segese, katukaribisha vizuri." Yule mume alikuwa mpole, alicheka, ila jioni hakula.

Kesho yake Mama Kulwa alipanda basi na ndoo ya chokaa. Alikwenda mpaka pale baa, akaazima ngazi kwa mwenye baa mwenyewe, akapanda, akaifuta ile chupa. Akaacha mkono umeshika hewa. Fundi alikuwa amekaa ndani anakunywa, akatoka.

Nilihadithiwa na mwenye baa walivyosema. Fundi alisema, "Mayu, umeniharibia kazi."

Naye akasema kutoka juu ya ngazi, "Umechukua uso wangu ukaupeleka mahali ambapo mimi siendi. Nikiutaka nije kuufuata wapi?"

Fundi akamshikia ngazi mpaka akashuka. Tangu siku hiyo ikawa kila kiangazi anakuja kwenye ukuta wangu na kibuyu cha asali kwa ajili ya watoto wa Mama Kulwa, na brashi moja nyembamba. Anamtazama akipita na kuni, anamtazama akicheka, halafu anaongeza mstari mmoja usoni pale ukutani. Mwaka huu chini ya jicho, mwaka ule pembeni ya mdomo. Nilimwambia wateja wanapenda picha ya ujana. Akasema ukuta utakaobaki kijana wakati mwenyewe anazeeka ni ukuta wa matusi.

Sasa siwezi kuzunguka tena.

Ikaja mvua kubwa, plasta ya ukuta wangu ikabomoka, na picha ya Mama Kulwa ikaanguka nayo. Wakati huo mwenyewe alikuwa mjane. Kulwa naye alikuwa ameshamzika, kabaki na Doto aliyeolewa Maganzo. Kuni zimekwisha kwetu, kama mnavyojua, akina mama wanapikia samadi ya ng'ombe na mabua, na ule moshi unakula macho. Macho ya Mama Kulwa yalikuwa yamekuwa mekundu. Mtu wa kutoka nje ataona ni moshi tu. Mtu wa huku kwetu anajua bibi mwenye macho mekundu anaishi juu ya uzi, siku yoyote ataitwa mchawi.

Nikapiga plasta mpya, nikamwita Fundi. Akasema ukuta wa udongo unanyonya, lazima upakwe rangi nyeupe mikono miwili, yaani mara mbili, kabla ya kuchora. Mimi nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, lililobaki nilipopaka mabati. Nikamwambia, "Paka hii chini. Rangi ni rangi."

Akasema, "Mzee wa Mashine, nyekundu hailali. Ukiifunika na nyeupe nyepesi, itaamka."

Nikamwambia kama hataki, basi, ukuta utabaki mtupu. Akalitazama lile kopo muda mrefu. Akapaka, akaifunika na nyeupe.

Akamchora vizuri kuliko mara zote. Mistari yote ya miaka aliirudisha, hakusahau hata mmoja. Macho tu ndiyo aliyafanya meupe, ya zamani. Akasema amemrudishia.

Masika ya kwanza yakapita, na yale ya pili yakaanza kula rangi. Nyeupe ikawa inabanduka kama ngozi ya mjusi, na chini yake nyekundu inatoka. Mwaka huo huo Kabula, mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa Masanja, aliugua homa siku nne akafa. Alikuwa ndio kwanza ameanza kuhesabu mpaka kumi.

Msibani watu wakakaa kwenye kivuli cha mashine. Sijui ni nani aliyeinua kichwa kwanza. Ila neno lilitembea: ukuta umesema. Macho yamegeuka. Masanja, mwanangu, alisimama akatazama ule ukuta, na sura yake siku ile sitaki kuieleza.

Ukaitwa mkutano wa sungusungu, wanaume wote. Mama Kulwa hakuruhusiwa kusema. Fundi alikuwa amesikia huko aliko, akafika mbio, ana harufu ya gongo, na hilo halikumsaidia. Akasimama katikati akapiga kelele: "Ni rangi! Chini kuna nyekundu! Angalieni ungo aliopewa pale ukutani, unga nao umegeuka mwekundu. Unga nao ni mchawi?"

Wawili watatu wakacheka. Nakwambieni, wakati ule mambo yangeweza kugeuka. Kiongozi wa mkutano, mtu wa haki, akanigeukia. Akaniuliza mbele ya wote, "Mwenye mashine, ni kweli ulimpa huyu rangi nyekundu?"

Masanja alikuwa amesimama kulia kwangu. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Nikafikiri, nikisema ndiyo, mwanangu atabaki na mtoto aliyekufa bure, kwa homa tu, bila mtu wa kumchukia. Na nikafikiri, watu watasema Mzee wa Mashine ndiye aliyeleta yote haya kwa ubahili wa kopo moja. Lipi lilinishika zaidi, sijui. Nadhani la kopo. Na kuna la tatu, baya kuliko yote: nilijua kabisa ni rangi, lakini moyo wangu nao ulikuwa unamtaka mtu.

Nikasema, "Sikumbuki."

Basi. Wakaamua Mama Kulwa atengwe. Asipewe moto, asipewe maji kisimani, asisalimiwe, asisagiwe. Fundi alisukumwa mpaka barabarani, akaambiwa akirudi atavunjwa mkono wa kuchorea.

Siku ya tatu Mama Kulwa alikuja mashineni na beseni lake. Akaliweka mlangoni kama kawaida. Nilizima injini. Nikamwambia, bila kumtazama, "Mkanda umekatika."

Akautazama mkanda. Ulikuwa bado unazunguka, polepole, haujasimama.

"Pole, Baba Masanja," akasema, akajitwisha beseni akaondoka. Juma lile lile akahama. Tuliambiwa ameshika njia ya Maganzo kwa miguu, kwa sababu mwenye baiskeli hakuthubutu kumbeba.

Ukuta niliupiga chokaa mwenyewe. Nilipaka mikono mitatu.

Miaka imekwenda. Dizeli imeondoka, umeme umekuja, Masanja ndiye anayesaga. Alipata watoto wengine. Na yale mabango ya kuchora kwa mkono yamekufa, siku hizi mtu anakwenda mjini na simu yake anarudi na bango la plastiki lenye picha ya mzungu anakula chapati. Nilikuwa nikipita mahali nikaona ukuta wa zamani wenye mwanamke wa mashavu yaliyochomoza, ninavuka barabara.

Mwaka huu, kabla ya kupanda, nilikwenda Maganzo kwenye msiba wa shemeji yangu. Makaburini nikaona msalaba umeandikwa herufi nzuri, zimesimama kama askari, na kando yake mzee mwembamba anafuta brashi kwa kitambaa. Nikamjua kabla hajageuka.

"Mwadila, Fundi," nikamsalimia kwa Kisukuma.

Akanitazama. "Mzee wa Mashine. Bado unakula ugali?"

"Nakula."

"Hongera."

Nikakaa kwenye jiwe. Nikamuuliza kama bado anachora. Akasema anaandika misalaba, na namba kwenye pikipiki. Nyuso aliacha. Tangu siku ya mkutano ule hajachora hata jicho la kuku. Halafu akasema, "Yuko hapa."

"Nani?"

"Mzee mzima wewe, usiniulize nani."

Njiani akanieleza. Alimfuata Maganzo mwezi ule ule. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, na miaka yote hii anamchotea maji asubuhi. Pombe aliacha, si kwa wokovu, bali Mama Kulwa hapokei ndoo kutoka kwa mkono unaotetemeka. Alishamwomba mara moja tu amchore tena, kwa mkaa tu, kwenye karatasi. Akakataliwa. "Ananiruhusu maji," akasema. "Na anachotaka ni kitu kimoja, kurudi kwake akapalilie kaburi la mumewe. Nyumba hana haja nayo. Lakini atarudije, na jina lile la uchawi bado limekaa mlangoni?"

Tulimkuta amekaa nje kwa Doto anabangua karanga kwa vidole, macho karibu hayaoni tena. Nikasema, "Mwadila, mayu." Mikono ikasimama.

"Huyo ni Baba Masanja," akasema. "Mkanda ulipona?"

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Nikaanza kwa Kiswahili, maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani: kwamba nimekuja kuomba radhi, kwamba binadamu tunapitiwa, kwamba yaliyotokea yametokea.

Akanikatiza. "Unaongea kama mwenyekiti anafungua mkutano. Mimi sikufukuzwa kwa Kiswahili. Sema kwa lugha uliyonifukuzia."

Nikarudia kwa Kisukuma. Ni lugha ambayo mama yangu alikuwa akinishikia nayo sikio nikimdanganya, na ndani yake sikupata pa kupita. Nikasema kopo lilikuwa langu. Nikasema nilikumbuka. Nikasema nilikumbuka wakati nasema sikumbuki. Fundi alikuwa amegeuka anaangalia barabara.

Mama Kulwa akabangua karanga kama tano, sita. Akasema, "Kabula nilimlilia peke yangu ndani. Mlinikataza kuja msibani."

 

"Mimi ulichosema nilikijua siku ile ile," akaendelea. "Wa kuambiwa si mimi. Kuna mtu kwako anaishi akijua nilimla mwanawe. Ukimaliza na huyo, ndipo mimi nitajua kama nina njia ya kurudi."

Fundi alinisindikiza stendi. Tulitembea polepole, wazee wawili. Nilitaka kumwomba na yeye msamaha, nikashindwa pa kuanzia, naye akaliona hilo.

"Mimi usiniombe," akasema. "Nilijua nyekundu itaamka. Nilikuambia, na bado nikapaka. Unajua kwa nini? Nilikuwa nimekaa masika mazima bila ule ukuta, nikawa kama mgonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu, nchi hii naijua, nikasema tutafunika nyeupe nzito baadaye. Nilimtaka ukutani kuliko nilivyomtaka salama. Ndiyo maana nachota maji."

Nikapanda gari. Alibaki amesimama na kopo lake la brashi, hakunipungia mkono.

Niliposhuka, Masanja alikuja kunichukua barabarani kwa pikipiki, jua bado lipo. Akanisaidia kupanda, akaniuliza habari za msiba, nikamjibu. Tulipita mashamba ya pamba, tukapita kisima. Mbele nikaona bati la mashine, na nikajua tukifika pale kutakuwa na mkewe, kutakuwa na watoto, kutakuwa na wateja, na mimi nitapata tena sababu.

Nikamgusa bega. "Masanja, simamisha pikipiki."

"Mzee, umechoka? Tumeshafika."

"Simamisha, mwanangu. Nimetoka kwa Mama Kulwa."

Akasimamisha. Hakugeuza kichwa. Injini iliendelea kunguruma kidogo kati ya miguu yetu, halafu akaizima mwenyewe, na mimi, nikiwa nimeushika mgongo wake, nikaanza kumweleza kuhusu lile kopo.